Pointi za Phelesia

Siku ya soko, Phelesia alikuwa akichambua dagaa wa omena kwenye ungo pale kwake Uriri alipoona swali kwenye jukwaa la wafugaji mtandaoni. Mtu wa Ntimaru aliuliza kwa nini ndama wake amevimba tezi chini ya masikio. Phelesia alijibu kwamba inaonekana ni ndigana, homa inayoletwa na kupe. Amtoe kupe na amwite daktari leo leo. Ndama akapona, Phelesia akapewa pointi kumi, na nyumba yake ikapanda upana wa kidole, pamoja na udongo ulio chini yake.

Tangu hapo alijibu kila siku. Hakuwa amesifiwa na yeyote tangu aache shule kidato cha pili. Siku moja alikosea, akapunguziwa pointi mbili. Nyumba ikashuka, sufuria zikagongana. Baada ya hapo alisoma kwanza ndipo akajibu. Mwaka wa tatu, nyumba ilikuwa juu ya kilima, ikitazama malori ya miwa yakielekea Awendo, na Nashon, mumewe, alikuwa amechonga ngazi arobaini na moja. Wageni walipumzika katikati. Kuku walizoea.

Shirika moja mjini Homa Bay likatangaza kazi ya mshauri wa wafugaji. Phelesia akaenda. Bwana Obare, aliyeongoza usaili, alisimama akamsalimia kwa mikono miwili, maana alikuwa amemuuliza maswali kumi na sita kule jukwaani na ng'ombe wake watatu walikuwa hai kwa sababu ya majibu yake. Kisha akaomba cheti. Phelesia akasema hana.

Obare aliigeuza fomu pande zote mbili. "Mama, hapa hakuna mahali pa kuandika pointi."

Kweli hapakuwapo. Kazi ikapewa Austine, kijana mwenye diploma ya biashara.

Mwezi uliofuata, Phelesia na Nashon wakinywa chai ya saa kumi, swali likaingia kutoka kwa Austine. Ng'ombe wa mkulima mmoja alizaa jana, kondo la nyuma halijatoka, na mwenyewe anataka kulivuta kwa mkono. Afanye nini?

Nashon alisema kijana ajisomee, si ndiye anayelipwa.

"Ng'ombe hakuomba kazi," Phelesia akasema.

Akamwandikia Austine kwamba mtu asilivute hata kidogo, daktari aitwe, na kwanza amweleze kama ng'ombe anakula. Waliandikiana mpaka daktari akafika. Austine akamshukuru kwa heshima, akamwita mwalimu, akampa pointi kumi.

Mke na mume wakashika vikombe vyao, nyumba ikapanda.