Dume Jipya Mbaraki

Kanze na dadake Naomi walijifungua mwezi mmoja. Mume wa Kanze alipofariki, Kanze alihamia kwa Naomi, mtaa wa Mbaraki, kwa kuwa mume wa Naomi alikuwa baharia asiyeonekana nyumbani. Naomi akipika mkahawani asubuhi, Kanze aliwanyonyesha watoto wote wawili. Jioni Kanze akishona, Naomi alifanya vivyo hivyo.

Kisha akaja Mung'aro, dereva wa watalii waendao Tsavo, kumposa Kanze. Hakuwa mtu mkali. Alileta matunda na kuwasimulia habari za simba: kwamba majike wa kundi moja ni ndugu, huzaa kwa pamoja, na kitoto hunyonya kwa yeyote.

Siku moja alieleza aliyoyaona wiki ile. Madume wawili wageni walimfukuza dume mwenye kundi, wakaviua vitoto vyote vinavyonyonya. Jike mmoja alipigana mpaka akararuliwa sikio.

Naomi akauliza jike yule alikuwaje baadaye.

"Atawazalia hao hao," alisema Mung'aro. "Jike anyonyeshaye hashiki mimba, shemeji. Na dume hangoji."

Alicheka peke yake.

Mahari ilipokubaliwa, alitaka Baya, mwana wa Kanze, aachishwe ziwa na kupelekwa Kaloleni kwa bibi yake, mama wa marehemu. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya wazee, ngumu kuikataa: mama anyonyeshaye akilala na mume mwingine, mtoto hubemendwa, akadhoofu hata miguu isimbebe.

"Sitaki kuambiwa nimembemenda mtoto wa marehemu," alisema.

Naomi akamwambia, "Mwache kwangu. Maziwa ninayo."

"Tutakaa chumba cha pili hapa, ukuta mmoja na chako, shemeji. Akilia, nani atamsikia kama si mamake?"

Wote wawili wakamtazama Kanze. Alikuwa amechoka kuitwa mjane, na Mung'aro alikuwa wa kwanza kumposa tangu afiwe. Akainuka, akaanza kukunja nguo za mtoto.

Alimpeleka mwenyewe. Alirudi kifua kimejaa, gauni limelowa mpaka kiunoni. Naomi alimchukua bintiye aliyekuwa akilia, akamweka mapajani mwa Kanze kama walivyozoea. Mtoto akatafuta titi.

Kanze akamwondoa.

"Mung'aro anataka maziwa yakauke," alisema.

"Na wewe?"

Kanze alijifunga kanga kifuani, akaikaza. Naomi akamchukua mwanawe, akaingia chumbani, akatia komeo.