Jina la Jikoni

Odessa Pruitt alikuwa na miaka sitini na miwili, na siku hiyo ya Mei 1966, huko Alabama, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kupiga kura. Mara nne wazungu walikwishamfelisha mtihani wa kusoma waliowapa watu weusi ili wasijiandikishe, mpaka sheria mpya ikaufuta na mtu wa serikali kuu akaja kumwandikisha. Kituo kingefungwa saa kumi na mbili, na aliyekaa mezani ni Hollis Crane, mzungu ambaye Odessa alimpikia miaka ishirini.

"Jina?" akauliza Crane, kana kwamba hajawahi kula mkate wake.

"Dessie, bwana."

Lilimtoka lenyewe. Hakuna mzungu aliyewahi kumwita vingine, na mazoea yana taabu. Crane akapitisha kidole kwenye orodha polepole, akiona raha. Akasema hakuna Dessie humo, Shangazi, kama wazungu walivyowaita wanawake weusi wazee, aende zake asizibe njia. Mwangalizi wa serikali kuu, aliyekaa pembeni, akaandika kitu daftarini. Odessa akatoka na aibu yake.

Nje, jirani yake Lutisha, aliyekuwa mwisho wa foleni, akamdaka mkono, na Odessa akamweleza yaliyotokea.

"Dada, umewapa jina la jikoni kwao. Kwenye orodha umeandikwaje?"

"Odessa Pruitt."

"Basi rudi ukalitaje."

"Nyumba ninayolala ni ya kaka yake Crane, Lutisha. Nitakwenda wapi?"

Lutisha akampisha tu mbele yake. Aliyefuata naye akampisha, na mwingine, na mwingine, hata Odessa akajikuta mezani tena, saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

"Umerudi, Dessie?"

Hofu kama ile hakuwahi kuionja hata siku ya kuzaa.

"Naitwa Odessa Pruitt. Bibi Odessa Pruitt."

Kidole cha Crane kikatua kwenye jina papo hapo. Kumbe tangu mwanzo alijua lilipo. Akamsukumia karatasi, akamnong'oneza kwamba kesho asubuhi kaka yake, mwenye nyumba, atapita kuzungumza naye.

"Mwambie apige hodi kwanza," akasema Odessa.

Akaingia kwenye kijumba cha kupigia kura. Akashika kalamu kwa mikono miwili, akatia alama mahali pake.