Mayungiyungi ya Kwetu

Siku ya kung'oa mayungiyungi, Pili Mkude alifika bwawani kabla ya watu wote. Bwawa liko nje kidogo ya Kingolwira, na tangu usichana wake alikuwa akichimba humo viazi vya yungiyungi la buluu.

Miaka sita nyuma, mwenye nyumba ya wageni alipanda humo mayungiyungi ya rangi ya waridi kutoka Dar. Yakaenea, yakachanganyika na yale ya buluu. Kamati ya maji ikamwita mtaalamu wa mimea, Bartholomeo, naye akaamua yote yameharibika, yang'olewe.

"Shikamoo, mama," Bartholomeo alisema akivaa mabuti.

"Marahaba. Mwanangu, humu ya kwetu bado yamo."

"Machotara nayo ni ya buluu, mama. Kwa macho hutayatenganisha."

"Sitatumia macho."

Pili akakaza khanga, akaingia hadi mapajani. Alishika ua lililonyauka, akafuata shina lake chini ya maji kwa vidole, akachuma tunda na kulipasua kwa kisu. Tupu, ute mtupu.

"Chotara," akasema. "Halizai."

La pili tupu. La tatu, la nne, tupu.

"Mama, jua linapanda!" mmoja wa waliokuja na majembe akapaza sauti ukingoni, wenzake wakacheka.

Pili akajikokota hadi ng'ambo, kwenye matete kijito kinapoingilia. Hapo shina lilikuwa limejikunja, na tunda lilikuwa zito mkononi. Alipolipasua, mbegu zikamwagika, ndogo kuliko ulezi, zikaelea juu ya maji.

"Njoo uone!"

Bartholomeo akaja mbiombio, maji yakimwingia mabutini. Alipasua matunda kumi kwa mkono wake mwenyewe. Yote yalijaa mbegu. Akakagua majani, akakagua maua yaliyosimama juu kabisa ya maji, kisha akamgeukia Pili.

"Haya ni ya asili, mama. Ningeyamaliza yote."

Akageukia ukingoni: "Wekeni majembe chini! Leteni kamba za katani, tuyatie alama!"

Walifunga katani kwenye kila shina la kwetu, Pili akionyesha, Bartholomeo akihakikisha. Yakafika arobaini na matatu. Ndipo ya waridi na machotara yakang'olewa, yakarundikwa juani.

Alasiri Bartholomeo alibana ua moja la kwetu kati ya magazeti likauke liwe kielelezo, akaandika kwenye kikaratasi na kukisoma kwa sauti: "Limetambuliwa na Pili Mkude."

Pili, angali ndani ya maji, akapiga vigelegele. Ukingo mzima ukaitikia.