Acha Yale, Tumia Haya

Mama yangu alirudi kutoka kliniki ya presha na sentensi moja mdomoni: acha yale, tumia haya. Haya yalikuwa mafuta ya zeituni. Muuguzi wa lishe alikuwa amewaonyesha wagonjwa chupa na kuwaambia ni mazuri kwa moyo. Mimi ni fundi cherehani, mambo ya moyo siyajui, lakini nilifurahi na jioni ile ile nikamnunulia chupa kubwa.

Kumbe nimejiletea kazi. Alianza na chakula: kwenye kabichi, kwenye maharage, juu ya mkate. Hapo sina neno, maana kabichi ilikuwa tamu. Kisha akahamia mwilini, visigino, viwiko, nywele. Kisha milangoni. Bawaba ya chumba changu iliyokuwa ikilia miaka yote ikanyamaza, mama akawa anaingia bila kusikika. Zipu ya gauni la mteja iliponigomea, akaitia tone. Ikafunguka, ila gauni likabaki na doa na mimi nikabaki na mteja mwenye mdomo mrefu.

"Mama, ukimaliza nyumba utupake na sisi," mume wangu akamtania.

"Wewe hata pipa zima halikutoshi," akamjibu.

Nilicheka, lakini sikutulia. Mama alikuwa akilalamika kichwa, na dawa yake ikawa kujipaka mafuta kwenye paji la uso. Halafu vitu vikaanza kumponyoka: kijiko, ufunguo, kifuniko cha sufuria.

"Ni mafuta," anasema, akinionyesha kiganja kinachong'aa.

Nani angebisha? Hata kitasa cha choo kilikuwa kinateleza. Lakini kila nikikaa kwenye cherehani nasikia kitu kimedondoka jikoni. Nasimama, narudi, nashona upande usio wake, nafumua. Roho ilikuwa juu juu na sikujua inaogopa nini.

Asubuhi moja akavunja kikombe cha chai, nikakasirika. Nilimkalisha kwenye kiti, nikachukua kipande cha pamba na kumfuta mkono wa kushoto, ule anaoutumia kwa kila kitu. Nilifuta kidole kimoja kimoja mpaka ngozi ikakauka kabisa. Nikampa kikombe kingine, kitupu.

Kikadondoka.

"Huu mkono umekuwa mzito," akasema taratibu. "Nilidhani ni mafuta."

"Mama, dawa ya presha umekunywa leo?"

"Madawa niliyaacha. Si muuguzi alisema acha yale, tumia haya?"

"Alisema mafuta, mama. Yale tunayokaangia."

"Hakusema mafuta. Alisema yale, akanyoosha kidole kwangu. Na mimi nilikuwa nimeyashika madawa yangu."

Sikumbuki nani alifunga mlango. Nakumbuka mume wangu akimbeba mama hadi kwenye teksi, na mimi nimebaki na uzi shingoni mpaka hospitali.

Daktari alisema ni kiharusi. Kidogo, lakini ni kiharusi, na tumechelewa. Mkono huenda ukarudi, huenda usirudi. Mafuta ya zeituni aendelee nayo, alisema, ni mazuri badala ya yale ya kukaangia. Hayawezi kukaa mahali pa vidonge. Nilitamani kumpigia mtu kelele na sikumpata wa kumpigia, maana muuguzi hakudanganya na mama hakukosea kusikia.

Walipoleta kidonge, mama alinyoosha mkono wa kushoto kwa mazoea. Vidole havikufumba. Kidonge kikabingirika shukani, naye akakitazama kama kitu cha mtu mwingine. Nikakiokota, nikaugeuza mkono wake wa kulia na kukiweka pale.

"Haya, mama," nikasema.

Hakukipeleka mdomoni. Alinikazia macho, na nilimwona anaogopa.

"Haya yapi?" akauliza. "Taja jina."