Wali wa Zambarau Mbele ya Mkwe

Jumamosi, tarehe 14 Juni, mwaka 2025, wageni kutoka Kiegei walifika nyumbani kwangu, hapa Nkowe, kukamilisha posa ya binti yangu, Biasha. Kijana mwenyewe, Ramadhan, alimleta shangazi yake, Bi Sikudhani, kwa pikipiki. Mimi ni mjane, kwa hiyo niliwapokea peke yangu.

Nilitaka waone kwamba Biasha ametoka katika nyumba inayojitegemea. Nyuma ya jiko nilikuwa nimeotesha karoti za zambarau, ambazo mbegu zake tuligawiwa katika darasa la kisomo cha watu wazima. Nilizikatakata, nikazipika pamoja na mchele na tui la nazi. Nilipofunua sufuria, wali wote ulikuwa na rangi ya wino, mithili ya shuka lililochujiwa na kanga mpya. Muda wa kupika mwingine haukuwepo. Nikapakua.

Bi Sikudhani alinawa, akalitazama sinia, akaurudisha mkono mapajani. Nikaeleza kwamba ni karoti tu, za bustanini.

"Dada," akasema kwa upole uliouma, "kwetu karoti ni nyekundu. Hizi anza wewe."

Biasha akasogea ili aonje yeye. Shangazi akamzuia, alimtaka aliyepika.

Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Hata maji huyanywa amegeuka. Nikikataa, wangeondoka wakisema tumewatilia dawa, na posa ingekufa. Nikila, heshima yangu ingeanguka palepale mkekani. Biasha alinitazama huku ameng'ata pindo la kanga.

Nikapiga magoti, nikamega tonge, nikala. Ramadhan aligeukia ukutani upesi, akajifunika uso kwa kofia yake. Nilitafuna nikiwa nimeinamisha macho, nikajihisi kama niliyevuliwa nguo hadharani.

Ndipo Bi Sikudhani akala, akaongeza.

"Posa ipo," akasema. "Ila kwa kula mbele ya mwanetu utatoa jogoo. Na huyo jogoo, dada, mpike kwa chumvi tu."

Wote walicheka isipokuwa mimi. Jogoo nimekwisha kumtoa na siku ya harusi imepangwa, lakini hadi leo Ramadhan akipita hapa najificha jikoni.

Wewe uliyesoma haya, mfikishie na jirani yako mwenye bustani: karoti hizi zichemshwe kando, kisha zitandazwe juu ya wali ulioiva. Hasa kama ana binti anayeposwa, usichelewe kumwambia.