Mfuko wa Kumi na Saba

Watu wakisikia kazi ya Nyevu humcheka: kupima majani yanayooza! Miezi minne nyuma, yeye na Harith, mtafiti wa udongo kutoka Malindi, walifukia mifuko ishirini ya chandarua katika msitu wa nyuma ya Gede. Ndani walitia majani makavu, kiasi kimoja kila mfuko. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vingeyala polepole, nao wangepima kilichosalia.

Leo walipoifukua, mifuko kumi na sita ilitoka na nusu ya majani yake. Wa kumi na saba ulitoka mtupu, hata vikonyo havimo, na chandarua chake kilikuwa vuguvugu kama shuka iliyolaliwa.

"Hapa chini pana chakula cha ziada," Harith alisema huku akiandika. "Labda paa amefia hapa."

Akaenda garini kuchukua masanduku.

Nyevu alibaki amechutama. Mwaka jana mdogo wake, Jefwa, aliingia msitu huu kurina asali na hakurudi. Tangu hapo nyumbani hakukaliki. Ami yao Kambi ataka kumpandia koma, kile kigingi ambacho Wagiriama humsimikia marehemu. Mama hataki hata kusikia. Kumpandia koma aliye hai ni kumuua, asema, na mwanawe yu hai mpaka aonyeshwe vingine. Na nani wa kumwonyesha?

Alianza kufukua majani kwa mikono. Chini yake ukungu mweupe, ule uotao penye kuoza, ulikuwa umetanda. Kwingineko ulikuwa madoadoa tu. Hapa ulikuwa mzito, tena una ukingo. Aliufuata ukingo ule kwa kidole: bega, kiuno, magoti. Upepo haukuwapo, lakini majani yalikuwa yakididimia yenyewe, taratibu, yakitoa mlio mdogo wa kutafuna. Nyevu aliogopa, tena vibaya sana. Hata hivyo hakuondoa mkono, na penye kiuno ukagusa mpini wa panga, umezungushiwa mpira mwekundu wa tyubu ya baiskeli. Mpira ule aliufunga yeye mwenyewe.

Aliyarudisha majani, akayashindilia.

"Umeona nini?" Harith aliuliza aliporudi.

"Paa," akasema. Habari ile haikuwa ya Harith kuisikia kwanza.

Nyumbani alimkuta mama yake uani akiambua kunde. Akaketi karibu naye, mikono bado ina udongo.

"Mama, nimemwona Jefwa."

Mama hakuinua uso. Hakuuliza wapi, wala kama yu mzima. Aliitazama ile mikono.

"Kalala vipi?"

"Ubavu, mama. Kajikunja, magoti kifuani."

"Basi ndiye," mama alisema. "Hivyo ndivyo alivyolala tangu nimzae. Nenda kamwambie Kambi achonge koma."