Doa Nililolifuta

Mimi ni mpiga picha za macho hospitalini, na nilikuwa nasifika kwa picha safi. Sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Mwaka jana alikuja dada yangu mkubwa, fundi cherehani aliyenilea na kunisomesha baada ya wazazi wetu kufariki. Alilalamika kwamba mshono ulionyooka anauona umepinda.

"Uzee huo dada, unabisha hodi," nikamtania.

Nikampiga picha. Katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, palikuwa na doa la njano, duara kama kiini cha yai. Nikajua ni uchafu wa lenzi. Nikaifuta, nikarudia, doa likabaki palepale. Picha za wagonjwa wengine siku hiyo hazikuwa na doa, na hilo nililiona nikalipuuza. Nikalifuta doa kwenye kompyuta, ndipo nikampelekea daktari. Akaandika miwani ya kusomea.

Leo jicho la kushoto la dada halioni kitu katikati. Daktari mpya alimweka kwenye mashine inayoonyesha retina tabaka kwa tabaka. Uvimbe ukaonekana wazi, na chini yake damu.

"Ugonjwa wenyewe ni nadra, wa kurithi," akasema. "Hauna dawa. Ila mishipa hii inayovuja, tungeiwahi mapema, sindano zingeizuia. Cha ajabu, picha ya mwaka jana haina kitu."

"Aliipiga mdogo wangu huyu," dada akajibu kwa majivuno. "Mkono wake hauna mpinzani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Dada, doa lilikuwepo. Nililifuta mimi."

Alinigeuzia jicho lake zima.

"Nilikuamini wewe," akasema, "nikaacha kuyaamini macho yangu."



Kwa kuwa ugonjwa ni wa kurithi, daktari akaagiza nami nipigwe picha. Nikaweka kidevu kwenye mashine yangu mwenyewe, na mwenzangu wa zamu akabonyeza. Dada alikaa kwenye benchi ukutani, mkoba mapajani.

"Lenzi imeshika uchafu," mwenzangu akanung'unika, akinyoosha mkono kuchukua kitambaa. "Ngoja niifute, turudie."



"Usifute," dada akasema. "Mpelekee daktari hivyohivyo."